Mwenye kompyuta kwanza: niliyojifunza tulipojenga gridi ya utafiti

Siku ya nne tangu gridi yetu, yaani kompyuta za idara mbalimbali zilizounganishwa zifanye hesabu za watafiti zikiwa hazitumiki, ianze kazi, mhadhiri mmoja wa biolojia alichomoa waya wa mtandao kwenye kompyuta yake, akauviringa vizuri na kuutia kwenye droo. Nilipomwendea akanionyesha kioo. Anagonga herufi, inatokea baada ya sekunde mbili. Kazi ya mtafiti wa fizikia ilikuwa imejaza kumbukumbu yote ya mashine ile. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, mliniambia sitahisi chochote." Ilinichukua miezi minne kumrudisha.

Kwa hiyo, kama unataka kuunganisha kompyuta za idara mbalimbali ziwatumikie watafiti wote, anza na yule anayekuazima. Klasta, yaani kundi la kompyuta zilizoungwa zifanye kazi kama moja, hununuliwa kwa mkupuo mmoja, hukaa chumba kimoja na ina bwana mmoja. Gridi ni mali ya watu wengi, na kila mmoja anaweza kuchomoa waya wake.

Sisi tulitumia HTCondor, programu huria iliyoanza mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, Marekani, kwa nia hiyohiyo ya kutumia muda ambao kompyuta za watu zimekaa bure. Baada ya aibu ile tuliipa masharti makali. Kazi ya mgeni haianzi mpaka kibodi ipumzike dakika 15, haigusi zaidi ya nusu ya kumbukumbu, na mwenyewe akirudi inaondoka mara moja. Usiyalegeze masharti haya hata foleni ikiwa ndefu na watafiti wakikulilia.

Masharti hayo yana gharama yake, na watafiti waelezwe mapema. Kijana mmoja wa shahada ya uzamivu alituma hesabu ya saa 60. Ikafukuzwa ikiwa saa ya 51, na hakuwa amehifadhi chochote njiani. Niliumia pamoja naye. Tangu hapo namwambia kila mgeni akate kazi yake vipande vya saa moja au mbili, au programu yake iwe inaandika kwenye diski ilipofikia ili iweze kuendelea kutoka hapo. Mwenye modeli moja anayetaka kuijaribu kwa thamani 10,000 tofauti atafaidi sana, maana kila jaribio linajitegemea. Mwenye hesabu ambayo vipande vyake lazima vipashane habari kila hatua, kama modeli za hali ya hewa, mwelekeze kwenye klasta yenye mtandao wa kasi. Usimpe matumaini ili tu idadi ya watumiaji wako ipande.

Data nayo ipigie hesabu kabla ya kuahidi. Terabaiti 1 kwenye mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde huchukua saa 22 na zaidi, tena mtandao ukiwa wako peke yako. Kwa gigabiti 1 ni saa mbili na dakika kadhaa. Mara nyingi ni nafuu kupeleka programu kule data iliko.

Kuna hitilafu moja ambayo hakuna aliyenionya. Asubuhi moja nilikuta kazi 4,000 zimekwisha usiku, nikafurahi, kisha nikaona zote zimeshindwa, na zote zimepitia mashine moja. Diski yake ilikuwa imejaa. Kila kazi ilikufa ndani ya sekunde moja, mashine ikaonekana iko huru, ikapewa nyingine, hivyo hivyo mpaka alfajiri, huku mashine zisizo na hitilafu zikishughulika na kazi zao za kweli. Weka jaribio dogo litakaloipima kila mashine kabla haijapewa kazi: nafasi ya diski, programu zinazohitajika, na saa. Ndiyo, saa pia. Mashine ambayo saa yake imeachana na za wenzake inaweza kukataa vyeti vya usalama, vile ambavyo mashine hutambuana navyo, hata vikiwa halali kabisa, na utapoteza siku nzima ukitafuta kosa mahali pasipo kosa.

Mgawanyo wa zamu programu inauweza: aliyetumia sana jana anasubiri leo. Isiloweza ni kuamua umeme unalipwa na nani, nani ana nywila ya msimamizi, nani anapigiwa simu usiku, na idara inajitoaje. Yaandikeni haya kwenye ukurasa mmoja, wakuu wa idara watie saini kabla ya mashine ya kwanza kuunganishwa. Sisi tuliandika baadaye, tayari watu wameshanuniana.

Yule mhadhiri alirudi kwa sharti moja: awe na kitufe kwenye kioo chake cha kuiondoa kazi ya mgeni bila kumwomba mtu. Tulikitengeneza kwa mchana mmoja, na sasa kipo kwenye kila kompyuta ya gridi. Yeye amekibonyeza mara mbili. Siku hizi wanafunzi wake ndio wanaojaza foleni yetu usiku, wakilinganisha mifuatano ya jeni.