Tatizo sio dini, ni mwandishi kukwama

Mkuu unasema muvi za sayansi zikishamwingiza Mungu tu mwisho unaharibika, mi naona sio dini, ni mwandishi kafunga mafundo mengi yakamshinda kuyafungua alafu anashusha malaika toka juu waje wamalizie kazi. Cheki Knowing ya 2009, muda wote Nicolas Cage anahangaika na karatasi ya namba zinazotabiri maafa, unakaa unasema hapa linakuja jibu la maana, kumbe wageni wanaong'aa toka anga za juu wanabeba watoto wawili na sungura wao, jua linachoma dunia, watoto wanashushwa sayari mpya wanakimbilia mti mmoja mkubwa. Adamu na Hawa, basi. Namba zote zile zilikuwa za nini sasa?

Ila Contact ya 1997 imejaa dini mwanzo mwisho na bado mwisho wake unakaa. Jodie Foster ni mwanasayansi asiyekubali kitu bila ushahidi, anasafiri na chombo kwenda kukutana na wageni wa anga za mbali anarudi, walioangalia wanasema chombo kilidondoka tu kwa sekunde chache hakijaenda popote, na yeye hana cha kuwaonyesha, anabaki anaomba waamini neno lake kama muumini yeyote. Alafu kale kakipande kwamba kamera yake ilirekodi chenga tupu, lakini chenga za masaa 18! Pale nilirudisha nyuma mara mbili.

Signs ya 2002 iko katikati, imani ya kasisi aliyekuwa ameipoteza inarudi vizuri tu, ila wageni wanaounguzwa na maji kuja kuvamia sayari iliyojaa maji, hapana aisee.