Jiko la familia yenye watoto wadogo: kisiwa, marumaru na kabati zinazovimba

SWALI: Habari mtaalamu. Tuna watoto wawili, mmoja ana miaka 6 na mwingine anakaribia kutimiza 3. Mimi na mume wangu wote tuna kazi, kwa hiyo jikoni kwetu ni mbio asubuhi na mbio jioni. Chumba ni mita 3 kwa 3, kabati zimepangwa kwa umbo la L. Hazijakaa miaka mingi, lakini chini ya sinki zimevimba na milango imelegea. Tunataka kulifanya upya lote. Fundi anashauri tubomoe ukuta wa sebuleni, tuweke kisiwa, yaani kaunta inayosimama peke yake, katikati. Mume wangu ameipenda kaunta ya marumaru halisi. Mimi ninachotaka ni jiko lenye mvuto wa mbao, lisiwe jeupe kama zahanati, na lisitudai matengenezo kila mwaka. Tuanzie wapi?

JIBU: Dada, anzeni na tepu ya kupimia. Rangi na mbao zitafuata.

Kaunta ya ukutani huchukua sentimita 60 hadi 62. Mbele yake panahitajika njia ya sentimita 100 angalau, ili mmoja akiinama kufungua oveni mwingine aweze kupita nyuma yake. Mkipata 120 ndiyo raha. Kisiwa chembamba kabisa chenye manufaa ni sentimita 60, na upande wake wa pili muache 90 za kupita. Jumlisheni: 310 hadi 312. Chumba chenu kina 300, na hapo sijagusa mkono wa pili wa hiyo L. Kisiwa hakiingii, na mkikilazimisha mtakuwa mnagonga nyonga kila siku. Wekeni meza nyembamba yenye magurudumu yanayofungika, au kaunta fupi inayotokeza kutoka mwisho wa L. Kazi ni ileile, na meza mnaweza kuisukuma pembeni.

Kubomoa ukuta ni shauri jingine. Faida yake kwenu naiona: unapika huku ukiwaona watoto sebuleni. Lakini hilo halihitaji ukuta wote uondoke; uwazi unaoanzia usawa wa kaunta kwenda juu unatosha, na kabati za chini hazipotezi mahali pa kuegemea. Hata uwazi huo, kabla haujakatwa, mwiteni mhandisi wa majengo aseme kama ukuta unabeba dari au sakafu ya juu. Fundi akigonga kwa ngumi na kutamka "huu haubebi kitu", hiyo si hesabu.

Sasa hilo la kuvimba, maana ndilo litakaloamua kama jiko jipya litadumu. Chipbodi na MDF, mbao za kiwandani za kutengenezea kabati, ni chembe au nyuzi za mbao zilizoshikanishwa kwa gundi na kugandamizwa. Uso wa ubao hufunikwa kwa melamini au fomika, na hapo maji hayapiti kirahisi. Yanapita kwenye kingo. Chukua tochi, ingiza kichwa chini ya sinki, uangalie bomba la maji machafu linapotokea kupitia ubao wa nyuma au wa chini. Mara nyingi utakuta tundu limekatwa kwa msumeno na kuachwa vivyo hivyo: chembe za mbao ziko wazi, zimetuna na kuanza kuachana. Tone moja kwa saa kutoka kwenye kiungio kilicholegea linatosha kufanya hivyo kimyakimya. Kama kaunta nayo ni ya ubao, angalia pia tundu la kuingizia sinki. Kisha shuka chini kabisa, gusa kitako cha kabati pale kinapokutana na sakafu. Huko maji ya kupigia deki hunyonywa kwenda juu kila siku.

Kwa hiyo sharti la kwanza mwandikie fundi kabisa: hakuna ukingo wa ubao unaofungwa ukiwa wazi. Kingo zinazoonekana zipate utepe wa plastiki uliobandikwa kwa mashine yenye joto, unene wa milimita 1 hadi 2 kwa milango na droo, kwa sababu ule mwembamba kama karatasi hubanduka ukigongwa na kiti cha mtoto. Kingo zisizoonekana, yaani matundu ya sinki, mabomba na nyaya, zipakwe vanishi ya kuzuia maji au silikoni kabla ya kufunga. Mwambie akuonyeshe kabla hajaziba. Akishaziba hutaweza kuziona tena.

Sharti la pili: maboksi ya chini yasikae sakafuni. Yasimame kwenye miguu ya plastiki inayorekebishika, kimo cha sentimita 10 hadi 15, na kitako kiwe kipande cha kuchomoa. Mkimwaga ndoo nzima, mnachomoa kitako, mnakausha, mnarudisha. Boksi la sinki lenyewe litengenezwe kwa plaiwudi iliyotiwa gundi isiyoachia kwenye maji, hata kama mengine yote yatakuwa ya chipbodi. Plaiwudi pia hushika skrubu vizuri zaidi kuliko chipbodi; milango yenu imelegea kwa sababu skrubu za bawaba zimekula tundu kwenye chipbodi iliyolowa. Hapo kubadilisha bawaba peke yake hakutasaidia.

Kwa kabati za chini nawashauri droo badala ya milango. Kwenye kabati la mlango unapiga magoti kutafuta sufuria iliyojificha nyuma. Droo inakuletea vyote mbele, na kwa mtu aliyebeba mtoto mkono mmoja hiyo ni tofauti kubwa. Nunueni reli zinazofunguka mpaka mwisho na zinazobeba kilo 30 au zaidi, zenye breki ya kufunga polepole ili vidole vidogo visibanwe. Mkitaka kubana matumizi, baneni kwenye urembo wa milango. Reli, bawaba na bomba msizipunguzie fedha, kwa sababu ndizo zinazotumika mara nyingi kwa siku.

Kuhusu marumaru halisi, mume wako ana jicho zuri, ila jiwe hilo ni kalsiamu kabonati, na asidi huila. Limau likimwagika au siki ikikaa kidogo, unabaki na doa lililofifia ambalo halifutiki mpaka jiwe lisuguliwe upya. Kupaka kinga ya mawe huzuia madoa ya rangi kuzama. Hakuzuii asidi kula uso. Kwa familia yenye mtoto wa miaka 3 ningeiweka marumaru ukutani au kwenye rafu, si pale mnapokatia vitu.

Graniti ndiyo chaguo langu kwenu. Inastahimili sufuria ya moto na haikwaruziki kirahisi. Inachohitaji ni kupakwa kinga mara moja moja, na kipimo chake ni rahisi: dondosha maji juu yake, subiri dakika 10, uyafute. Jiwe likiwa limegeuka rangi pale palipokuwa na tone, muda wa kupaka umefika. Kwazi ya kiwandani, yaani jiwe la chembe za kwazi zilizogandamizwa, haihitaji kinga hiyo, lakini chembe zake zimeshikwa kwa resini, gundi ya plastiki, na sufuria iliyotoka motoni ikiwekwa moja kwa moja inaweza kuacha alama ya kudumu. Jambo moja zaidi kuhusu kwazi: vumbi lake la silika huharibu mapafu ya wanaolikata, kiasi kwamba Australia imepiga marufuku mawe hayo ya kiwandani tangu tarehe 1 Julai 2024. Mkiichagua hata hivyo, ikatwe karakanani kwa maji na wakataji wakiwa na vifaa vya kujikinga, si ndani ya nyumba yenu kwa grainda kavu. Graniti nayo ina silika, ingawa si nyingi kama ya kwazi. Ikateni kwa utaratibu huohuo.

Jiwe lolote mtakalochukua, mwambieni mkataji azungushe pembe za mbele ziwe mviringo. Kaunta huwa na kimo cha sentimita 90 hivi, na mtoto wa miaka 3 ana urefu wa karibu sentimita 95. Hesabu yenyewe inakuambia pembe kali itakuwa usawa wa uso gani. Kimo hicho cha 90 nacho si amri: simama wima, kunja mkono, pima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, utoe sentimita 10 hadi 15. Anayepika zaidi ndiye apimwe. Na pale kaunta inapokutana na ukuta, pazibwe kwa silikoni. Grauti, ile saruji ya kujazia nafasi kati ya vigae, hapo hupasuka kwa sababu kaunta na ukuta havichezi pamoja, na ufa huo ndio mlango mpya wa maji.

Jiko la kupikia lisiwe mwisho wa kaunta karibu na mlango, ambako watoto hupita wakikimbia. Acheni sentimita 30 hadi 40 za kaunta kila upande wake, mikono ya sufuria ipate pa kugeukia na chungu cha moto kipate pa kutua bila safari. Vitu watoto wanavyovipenda visiwekwe kwenye kabati la juu ya jiko; watavipandia tu. Dawa za usafi ziondoke chini ya sinki ziende juu, na droo moja ya chini muwape watoto vyombo vyao visivyovunjika. Huyo wa miaka 6 atajihudumia mwenyewe.

Tuje kwenye huo mvuto wa mbao. Weka mbao mahali mkono unapogusa na maji hayakai: vishikio, rafu moja au mbili za wazi, viti, uso wa ile meza ya magurudumu. Mbao halisi kuzunguka sinki ni kazi ya kupaka mafuta isiyokwisha, na umesema hutaki. Milango ya kabati iwe ya fomika yenye sura ya mbao, isiyong'aa, maana inayong'aa huonyesha kila alama ya kidole. Kuta zipate nyeupe yenye chembe ya manjano au rangi ya udongo mwepesi, rangi ya kuoshika.

Lakini nikuambie ukweli, zahanati unayoiogopa inatokana na taa zaidi kuliko rangi. Taa moja nyeupe katikati ya dari inakumulika mgongoni, na kivuli chako kinaangukia pale unapokata. Fungeni taa za utepe chini ya kabati za juu, zikae karibu na ukingo wa mbele. Soma paketi: rangi ya mwanga iwe kelvini 2700 hadi 3000, yaani yenye umanjano kidogo, na kipimo cha uhalisia wa rangi, CRI, kiwe 90 au zaidi. Taa hizi na ya dari ziwe na swichi tofauti. Usiku ukiamka kumtafutia mtoto maji, utepe peke yake unatosha.

Sakafuni wekeni vigae vya posileni visivyong'aa, daraja la R10 la kuzuia utelezi, na grauti ya rangi ya kijivu. Fundi umeme atenge saketi ya oveni, aweke soketi mbali na sinki, na afunge kikata umeme cha miliampia 30, kile kinachokata umeme ukivuja.

Malipo ya mwisho yasubiri jaribio moja. Ziba sinki, lijaze mpaka karibu na ukingo, kisha zibua maji yote yaondoke kwa mkupuo. Wakati yanashuka, pitisha karatasi kavu ya tishu kwenye kila kiungio cha bomba chini yake. Tishu ikilowa, fundi bado hajamaliza.