Mashine ya kahawa inatoa matone

Swali: Mashine yangu ya espreso inanguruma sana, lakini kahawa inatoka tone tone, tena vuguvugu. Natumia maji ya kisima. Niitengeneze au niachane nayo? – Msomaji, Mombasa

Jibu: Kabla ya kumwita fundi, toa kishikio cha kahawa uiendeshe kwa maji matupu. Yakitoka vizuri, kosa ni la kahawa: imesagwa laini mno au imeshindiliwa kupita kiasi. Yakidondoka vilevile, shuku ukoko wa chokaa, ule ule unaouona ndani ya birika. Maji ya kisima yanayopita kwenye mawe ya matumbawe hubeba chokaa nyingi, nayo huganda kwenye kipasha maji na mirija myembamba.

Yeyusha gramu 20 za asidi ya sitriki katika lita 1 ya maji, pitisha nusu, zima kwa dakika 20, kisha malizia. Suuza kwa matangi mawili ya maji safi. Siki iacheni kwa achari: harufu yake haitoki upesi na mipira haiipendi. Kwa maji hayo, rudia kila mwezi.

Ukiona ni kazi mno, kuna moka, lile birika la vipande viwili. Maji ya kipande cha chini yasivuke vali, kile kitundu cha usalama ubavuni, kahawa usiishindilie, moto uwe mdogo. Mvuke ukivujia pembeni, badilisha mpira. Presha yake ni bar 1 hadi 2, si 9 za espreso, kwa hiyo povu zito usilitarajie. Kwa anayekunywa vikombe viwili kwa siku, sisi tungechagua hiyo.