Kisima kinafurika Mei, Oktoba tope

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Nina ekari moja ya nyanya Mabogini, Moshi. Kisima changu cha mita 9 hufurika baada ya masika, lakini ikifika Oktoba nachota tope. Mwezi wa tano alikuja fundi wa kutafuta maji kwa vijiti, akazunguka shamba na kusema mkondo umehama, nichimbe upande wa pili. Nimpe hela?

JIBU: Marahaba. Usimpe hata senti. Mwezi wa tano huko kwenu hata shimo la choo linaingia maji, sasa fundi gani atakosa?

Mkondo haujahama. Kinachowaponza wengi ni kuhesabu mvua peke yake, kama mwenye duka anayehesabu mauzo na kusahau kodi ya pango. Milimita moja ya maji juu ya ekari ni kama lita 4,000. Julai, kwa baridi na mawingu, nyanya zilizoshamiri hutumia takriban milimita 3 kwa siku, yaani lita 12,000. Oktoba jua likiwaka na upepo ukivuma zinakaribia 5, lita 20,000. Wakati huo mvua ya maana hujaiona tangu masika yaishe, na majirani nao wamewasha pampu kwenye maji yale yale ya chini. Usitegemee pia kwamba mvua ya kwanza ya vuli itakuokoa: udongo uliokauka hunywa kwanza ushibe, ndipo kinachobaki kizame. (Na si theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inayolisha visima vyenu, ni mvua ya msituni mlimani.)

Funga jiwe kwenye kamba, pima usawa wa maji kila Jumamosi alfajiri kabla ya kuwasha pampu, andika. Panga shamba kwa kipimo cha Oktoba. Hamishia miche shambani Mei uvune Agosti; Oktoba bakiza robo ekari yenye matandazo, yaani nyasi kavu za kufunika udongo.

Ukiamua kuchimba kirefu, mchimbaji awe na leseni, kibali kitoke Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, na kisima kijaribiwe kwa pampu kiangazi. Hawa wanaojaribu kisima masika yakiwa bado yanadondoka halafu wanakuahidi maji mwaka mzima wamenichosha. Wala kina si dawa ya kila kitu. Kwa wasomaji wa upande wa Mlima Meru hasa: kabla familia haijanywa, peleka sampuli maabara ipimwe floridi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, tafuteni maji mengine ya kunywa, maana kuchemsha hakuiondoi.