Mwandishi wa hadithi shirikishi kuwekwa Wikipedia? Soma kwanza yaliyonikuta

Mkuu, simama hapo hapo. Hiyo rasimu unayotaka kuichapisha wiki hii, iache kwanza. Umeuliza kama mwandishi wako wa hadithi shirikishi, yaani michezo ya maandishi ambamo msomaji huamua kinachofuata, mwenye michezo sita na nafasi ya nne IFComp, mashindano ya kila mwaka ya fani yetu, anastahili makala Wikipedia, ukaongeza habari za picha yake na kama uanze na toleo la Kiingereza au la Kiswahili. Yote nilikuwa nasoma kwa utulivu mpaka nilipofika pale uliposema washkaji wamejipanga kuja kuitetea ikiguswa. Nikashika kichwa. Hapo ndipo nilipozama mimi.

Nilikuwa mjaribu wa michezo ya mwandishi mmoja. Ananitumia mchezo ukiwa bado mbichi, mimi naandika "fungua mlango kwa samaki" nione kama programu itakwama. Kazi zake nazipenda mpaka leo, ingawa mwenyewe hajibu tena ujumbe wangu. Basi nikamwandikia makala yenye tanbihi 22. Nilijiona profesa. Tisa zilitoka IFDB, hifadhidata ya michezo hii inayojazwa na wachezaji wenyewe, tano kwenye blogu yake mwenyewe, nne kwenye kurasa za matokeo ya mashindano, tatu zilikuwa maoni ya wachezaji wenzetu, na moja mahojiano aliyofanyiwa na mwandishi ambaye naye nilimjaribia mchezo. Mhariri mmoja akazipanga zote kwenye jedwali: je, chanzo ni huru? Kinaaminika? Kimemzungumzia mhusika kwa kina? Jedwali likatoka jekundu pyu, juu mpaka chini.

Makala ikapelekwa kwenye mjadala wa ufutaji, ambao kwa kawaida hukaa siku 7. Ningenyamaza, ingefutwa na mambo yangeisha. Lakini watu kule wanaandika "hifadhi" na "futa" kwa herufi nene, nami nikadhani ni kura. Si kura! Anayefunga mjadala anapima hoja, na hoja ya "huyu ni mwandishi bora sana" haina uzito hata ikirudiwa mara mia.

Nikaita watu 13. Wote walifungua akaunti usiku mmoja, na wote walikuja moja kwa moja kwenye ukurasa ule ule, kama waliopotea njia kwa pamoja. Wawili walikosea jina la mchezo kwa namna ile ile kwa sababu walinakili ujumbe wangu. Mmoja, Mungu ambariki, aliandika: "Hifadhi, mimi ni rafiki yake wa miaka kumi." Utetezi gani huo?

Na wazo la kuita watu halikuwa langu. Kulikuwa na bwana mmoja anayejiita mshauri wa kurasa za watu maarufu. Alinihakikishia kwamba wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia, ni watu wake, nikamlipa, akaniambia nilete umati, kisha akachomeka na akaunti zake tano. Tangu 2014 masharti ya matumizi ya Wikimedia yanamtaka anayelipwa kuhariri aseme wazi nani anamlipa. Yeye aliniambia usiri ndiyo taaluma. Tapeli wa kawaida hukimbia na hela yako. Huyu alibaki kunisukuma chini. Akaunti zake zilichunguzwa, zikafungiwa, na yangu ikaenda nazo. Jina la makala likafungwa lisiweze kuundwa tena bila ruhusa ya mkabidhi. Maana yake, mwandishi yule akija kuandikwa vizuri kesho, atakayetaka kumtengenezea makala ataanza kwa kupiga magoti kwa sababu yangu.

Lakini hayo si kitu. Mjadala haufutwi, unahifadhiwa. Mwandishi mwenyewe, ambaye hakuniomba chochote, aliamka akakuta watu asiowajua wamebishana wiki nzima kama ana maana yoyote nje ya duara la marafiki zake. Aliusoma wote. Kisha akanitumia ujumbe wa maneno mawili tu: "Nani alikutuma?"

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitaisema mpaka unichoke: vyanzo vitatu kwanza, makala baadaye. Vitatu vilivyoandikwa na watu wasiomjua, vilivyopita mikononi mwa mhariri, vinavyomhusu yeye mwenyewe na kwa kina. Mchezo wake ukiandikwa sana, pengine mchezo ndio unaostahili makala; sifa hiyo haimrukii mwandishi.

Kinachotukwamisha ni kwamba fani yetu hujihakiki yenyewe. Enzi za Infocom, kampuni ya michezo ya maandishi iliyoanzishwa 1979, michezo iliuzwa madukani na majarida ya kompyuta yakaichambua. Biashara ilipokufa, uchambuzi ukahamia Usenet, mabaraza ya zamani ya mtandaoni, kwenye kundi la rec.arts.int-fiction, kisha kwenye blogu. Uchambuzi mwingi wa huko unashinda wa majarida, nasema bila aibu, lakini kwa mizani ya ensaiklopidia ni mazungumzo ya ndugu sebuleni. IFComp yenyewe, tangu ilipoanza 1995, inahukumiwa na wachezaji. Siku hizi yeyote akishatoa alama kwa michezo mitano, kura zake zinahesabiwa. Nafasi ya nne kwetu ni heshima kubwa. Kule ni namba tu, mpaka mgeni aandike juu yake.

Angalia waliopita. Graham Nelson alitoa Inform, programu ya kutungia michezo ya maandishi, mwaka 1993, na wengine wakaandikia humo kwa miongo. Emily Short, mwandishi wa michezo hii, anajadiliwa na wasomi wa vyuo. Porpentine, naye mwandishi wa fani yetu, kazi zake ziliingia maonyesho ya sanaa ya Whitney Biennial ya 2017, New York, kwenye jumba la sanaa ambalo halikuwa na sababu yoyote ya kutujali. Kila mmoja alifuatwa na watu wa nje ya fani.

Ukivikosa vyanzo vitatu, mpeleke IFWiki, wiki ya fani yetu wenyewe. Kule mwandishi wa michezo ya maandishi yuko nyumbani.

Sasa nitajie vyako hapa hapa, kimoja kimoja. Ukianza na IFDB nazima kompyuta. Na washkaji waambie leo hii warudi walikotoka. Kuhusu picha... uliuliza nini vile kuhusu picha?