Goti Linalouma, Pasi Inayopotea: Kocha wa Wavu Anajibu

Shikamoo Kocha. Niko kidato cha tatu Tanga, nacheza wavu katika UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Kila asubuhi na jioni naruka kamba na ngazi ili niuzidi wavu. Sasa naumwa chini ya goti, hasa nikishuka ngazi. Nivumilie?

Marahaba, binti. Usivumilie. Maumivu ya hapo, kwa mtu anayeruka sana, mara nyingi yanatoka kwenye kano inayounganisha pia ya goti na mfupa wa ugoko. Kano huimarika kwa kubebeshwa mzigo kisha kupumzishwa, na wewe hujaipumzisha hata siku moja. Acha kuruka kwa sasa, lakini usikae bure, maana kano isiyofanya kazi hudhoofika. Egemeza mgongo ukutani, shuka kama unayeketi kwenye kiti, tulia sekunde 30 hadi 45, rudia mara 5. Ikizoea, chuchumaa polepole ukiwa na mfuko wa mchanga begani. Kesho yake goti likiuma zaidi, punguza. Likivimba, nenda hospitali.

Ukirudi kuruka, iwe siku mbili au tatu kwa wiki, zisifuatane, na uhesabu pia miruko ya mazoezi ya timu. Mwenzako asimame mbele yako akutazame unavyotua. Juzi nilimwangalia msichana mmoja hivyo: kila akitua magoti yanagongana, na viatu vinalia *pwa!* kwenye sakafu. Kutua kuzuri hakusikiki, na magoti yanaelekea vilikoelekea vidole vya miguu.

Kocha, mimi ni mwalimu wa michezo Kakamega. Wasichana wangu wakipasiana wawili wawili, mpira hauanguki. Mechini, servisi ya kwanza tu inawatawanya. Tatizo nini?

Mwalimu, swali hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mpokeaji mzuri huanza kuusoma mpira kabla haujapigwa: anatazama mpigaji ameurushia wapi, bega limegeukia wapi, mkono unakuja kwa kasi gani. Mwenzake anayemrushia kwa upole kutoka mita tano hampi chochote cha kusoma.

Weka mpigaji nyuma ya mstari wa mwisho, wavu katikati, wapokeaji watatu na seta, yule anayemwandalia mshambuliaji mpira. Mpigaji achanganye: fupi, ndefu, inayoelea, inayozunguka. Wiki za kwanza watakosea mno, na watu watasema timu imeshuka. Shikilia hapo hapo. Tafiti za namna mwili unavyojifunza zimeonyesha kwamba mazoezi ya kuchanganya huonekana mabaya siku yenyewe, lakini stadi hukaa kuliko ile ya kurudia kitu kimoja. Kupasiana wawili wawili kuwe kwa kupasha mwili moto, dakika 10 basi.

Nina sentimita 166. Nimeambiwa nihamie riadha.

Baki. Wavu wa wanawake uko mita 2.24, lakini libero, mchezaji wa ulinzi wa nyuma aliyeingizwa katika sheria za kimataifa mwaka 1998, haruhusiwi kuzuia wavuni wala kushambulia mpira ulio juu ya wavu. Kwake urefu si hoja. Fanyia kazi hatua ya kwanza na pokezi la chini.

Binti yangu yuko gredi ya saba, Machakos. Njia ya kufika Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, ni ipi, na aache netiboli?

Asiache, mzazi mwenzangu. Hadi miaka 14 au 15 netiboli na riadha zinamjenga kukimbia, kugeuka na kudaka. Njia yenyewe hupita michezo ya shule, na hapo kwenu mna shule ya sekondari ya Kwanthanze. Kisha klabu za mashirika kama Kenya Pipeline, KCB na Magereza, ndipo timu ya taifa. Malkia wamecheza Olimpiki za 2000, 2004, Tokyo na Paris. Paris 2024 walifungwa seti 3-0 na Brazili, Poland na Japani. Kwa macho yangu, Wajapani, ambao si warefu, hawakutuzidi kwa kuruka. Walituzidi kwa pokezi la kwanza.

Ukimtafutia shule ya bweni, uliza taa huzimwa saa ngapi na kengele hulia saa ngapi. Mwili wa umri huo unahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na msichana anayeamshwa saa kumi alfajiri hafiki hapo.