Majibu kwa Wasomaji: Nepi Zinazonuka, Maganda Yanayowaka

SWALI: Salaam, wahariri. Mwanangu ana miezi minne. Pampasi zinanimalizia hela, na zikishatumika hatuna pa kuzitupa. Tukizichoma uani moshi unaingia ndani, tukizirundika mbwa wanaziburuta hadi kwenye mikoko. Nimejaribu nepi za kitambaa, lakini zinanuka mkojo hata zikishafuliwa, na mtoto ametoka vipele. Maji yetu ni ya kisima. Nifanyeje?
Mama mnyonyeshaji, Mikindani

JIBU: Dada, tunachoshuku kwanza ni sabuni ya mche. Maji ya visima vingi vya pwani yamepita kwenye mawe ya chokaa, kwa hiyo ni magumu. Sabuni ya mche ikikutana na chokaa hiyo hufanya utando mweupe, ule unaoelea kwenye beseni. Utando ukiganda kwenye nyuzi, kitambaa hakinyonyi vizuri na uchafu wa mkojo hautoki. Bakteria huugeuza kuwa amonia, nayo ndiyo inayonuka na kuchoma ngozi.

Zisafishe upya nepi zote mara moja. Ziloweke saa moja kwenye maji ya moto yenye sabuni ya unga, zifikiche, suuza, kisha ziloweke dakika 15 kwenye lita 10 za maji yenye nusu kikombe cha siki nyeupe. Suuza tena. Siki isikutane kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, maana hutoa hewa ya sumu. Klorini hiyo usiimimine pia kwenye nepi yenye mkojo.

Baada ya hapo fua kwa sabuni ya unga, kipimo kidogo, na suuza mpaka povu liishe. Maji ya mvua yakipatikana, yaweke kwa ajili ya nepi. Dawa ya kulainisha nguo iache kabisa, kwani nayo huziba nyuzi.

Kwa umri huo nepi 20 zinatosha: nane za siku, nane zilizo kwenye kamba, nne za akiba. Kata vipande vya sentimita 60 kwa 60 vya taulo jepesi au kanga kuukuu ya pamba. Kanga nyingi za sasa ni poliesta, hazinyonyi. Choma uzi mmoja: pamba huacha majivu, poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu.

Kinyesi kikung'utie chooni, kwa sababu cha mtoto mchanga nacho hueneza magonjwa. Suuza kwa maji baridi kwanza, maana ya moto hugandisha doa. Nepi chafu zikae kwenye ndoo kavu yenye mfuniko na zifuliwe kila siku. Joto la Mtwara halisubiri. Maji ya suuzo la kwanza yamwage chooni. Ya mwisho yapeleke kwenye mgomba au mpapai, si kwenye mchicha.

Anika juani, na hili tunalisisitiza. Yupo inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizo kivulini. Funza wake hupenya ngozi ya mtoto na kufanya jipu. Siku za mvua, anika ndani kisha piga pasi ya moto pande zote mbili, hasa kwenye mapindo. Majirani wakipuliza salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu, kwenye mikorosho, anua nepi zote kabla hawajaanza, kwa kuwa vumbi lake huwasha.

Vipele visipopungua kwa siku tatu, au vikitoa usaha, mpeleke kliniki. Pampasi ya usiku au ya safari si dhambi. Ila usiitumbukize chooni, shimo litajaa upesi, wala usiichome: ndani yake mna plastiki, na chembe zinazonyonya mkojo hushika maji, hivyo inafuka tu. Ikunje, ifunge, iweke kwenye chombo chenye mfuniko mpaka taka zichukuliwe.

SWALI: Huku maganda ya korosho hayana kazi na kuni ni ghali. Je, tuyapikie? Tuna watoto wawili wadogo.
Baba wa watoto wawili, Tandahimba

JIBU: Hapana, ndugu yetu. Ganda bichi lina mafuta makali yanayobabua ngozi. Likiwaka huyarusha, na moshi wake huchoma macho na koo. Mtoto aliyebebwa mgongoni jikoni anauvuta wote. Hata korosho za kula nyumbani zibanikwe nje, watoto wakae upande unakotoka upepo, na maganda wasichezee.

Mnayo matawi mnayopogoa mikoroshoni. Yapasueni membamba kama kifundo cha mkono, yapangeni juu ya vigingi yasiguse ardhi, na yafunikeni kwa juu tu ili upepo upite. Yaacheni miezi mitatu ya kiangazi. Kuni mbichi hupoteza moto mwingi kwa kukausha maji yake yenyewe, ndiyo maana zinafuka na mnatumia nyingi. Gome likianza kubanduka na vipande viwili vikigonganishwa vikalia kwa sauti kavu, ziko tayari.